Birika la Fedha la Silibwet

Mama mmoja wa Silibwet tuliyekuwa jirani naye zamani ametutoka, yule aliyefanya kazi miaka mingi nyumbani kwa meneja wa shamba la chai kule Kericho kabla ya kurudi kwao kufuga ng'ombe. Nilipopigiwa simu, sitawaficha wasomaji wangu, kabla ya kuuliza alikufa na nini niliuliza birika liko wapi. Mimi ni mtu wa kushuku. Kifo kikiingia nyumba yenye kitu cha thamani, watu wa kutoa pole huongezeka.

Birika lenyewe ni la fedha, la kizamani, lenye tumbo la mviringo na mkono wa mti mweusi ili lisimuunguze anayemimina. Ubavuni fundi wa Ulaya alichora majani ya chai, mstari kwa mstari, kwa subira inayotia wivu. Siku moja marehemu alinionyesha mchoro huo akicheka. "Huyu hajawahi chuma chai," alisema. "Ona, kijiti kimoja na majani tano, na sisi tunachuma majani mbili na kichipukizi! Akipeleka hii kwa kituo cha kupima chai, karani anaitupa." Kule kwa meneja, birika hilo liliwaonyesha wageni nani ameketi na nani amesimama, na yeye alikuwa upande wa kusimama. Waliochuma chai hiyo hawakuwahi kuiona ikimiminwa.

Meneja alipohama, mama alirudi nyumbani na birika, akasema mke wa meneja alimpa wakifunga mizigo. Majirani walikataa katakata. Mzungu apeane fedha? Tangu hapo jina la mwizi likamfuata chinichini mpaka kanisani, naye hakujitetea. Alichofanya ni kusugua birika ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, kama tunavyofanya vibuyu vyetu, akawa anagandisha humo mursik, maziwa yetu ya mgando. Ndani likawa jeusi tititi. Nje alilisugua kwa jivu kila Jumamosi, hadi yale majani matano yakaanza kufutika. Wanaopenda vitu vya kale wangelia, lakini mursik wake ulikuwa mtamu.

Siku ya maombi alikuja mtu mwenye koti safi, asiyejulikana na yeyote, akisema anapita tu kuelekea Mulot. Aliulizia birika kabla hata hajaketi. Akaligeuza, akatazama alama zilizogongwa kitakoni, akalipulizia pumzi na kulipangusa kwa leso. Kisha akamgeukia binti ya marehemu, sauti imejaa huruma.

"Pole sana, mama. Hii si silva. Ni bati imepakwa rangi. Lakini kwa heshima ya marehemu, naweza kuwasaidia niibebe."

Majirani walishusha pumzi. "Kumbe ni bati tu," akasema mmoja. "Na vile tulimsema bure!" Nikaona mtego ulivyokaa vizuri. Binti akikubali, jina la mama yake linasafishwa papo hapo, mbele ya mchungaji, na birika linaondoka na mgeni. Akikataa, minong'ono inabaki palepale. Mimi nilikuwa nikifikiria lile jivu. Kitu cha kupakwa, kikisuguliwa miaka yote hiyo, kingekuwa kimeshaonyesha rangi nyingine chini yake, na hili halikuwa limeonyesha kitu. Niliinama nimwambie binti, lakini alikuwa ameshaanza kusema.

"Kama ni bati, mbona umeishika na mikono mbili?"

Binti alilichukua birika taratibu. "Ni silva," akasema. "Mama aliosha hii kitu huko akiwa amesimama, akaiosha hapa mpaka Mungu akamchukua. Alipewa. Sasa leteni vikombe, hata nyinyi mlimsema." Akalijaza mursik kutoka kwenye kibuyu, akamimina, akianza na wanawake wachuma chai waliokuwa wamekaa nyuma kabisa karibu na zizi. Mgeni naye alipewa kikombe, akanywa bila kuondoa macho kwenye birika.

Niliona uchungu, na niliona fahari, kwa sababu binti alikuwa amekataa jina safi lililoletwa na mtu anayetaka kuondoka na kitu chao. Kama marehemu alipewa kweli, sijui, na sidhani nitajua. Ila mtu akija kumtetea marehemu huku amekumbatia birika lake, mimi simwamini hata akilia machozi.