Maji ya Mgongo wa Fundi

Fundi wa kuchomelea kutoka Igoma alilala wodini kwetu siku mbili, kichwa kikimpasuka na shingo imekaza, kwa sababu mkewe hakuthubutu kuturuhusu tumtoboe mgongo kutoa maji ya kupima kabla kaka wa mume hajafika. Nilikuwa nimemweleza kwamba homa ya uti wa mgongo ina aina zake, na kuna moja ambayo dawa yake tunayo kabatini. Siku zote mbili aliniuliza hilohilo: ni hiyo yenye dawa?

Kaka alifika kutoka Buhongwa siku ya tatu asubuhi.

"Jirani yangu mlimtoa maji Jumatatu," aliniambia. "Jumatano tukamzika."

"Aliletwa amechelewa." Nilikuwa tabibu, na jibu hilo nilikuwa nimelichoka.

"Shemeji," mke akasema, "siku ukiumwa wewe, utakataa. Leo anaumwa yeye."

Kaka alisogea kando ya kitanda. "Haya. Mtoeni."

Maji yalitoka kwa nguvu, maangavu. Majibu ya maabara yangekuja kesho, kwa hiyo nilipima palepale kitandani. Vijiti vya kupimia mkojo tulikuwa tunavipasua kwa urefu, kimoja kitumike mara mbili. Kopo la vijiti lilikuwa limeachwa wazi tangu juzi, basi nusu ya kwanza niliichovya kwenye chai ya mgonjwa.

"Sasa mnapima chai?" kaka akauliza.

"Napima kijiti. Kisipoiona sukari humu, kimeharibika."

Kiliiona. Nusu ya pili nikaichovya kwenye maji ya mgongo: sukari ipo kidogo, usaha hamna. Haikuwa ile ya bakteria, yenye dawa kabatini. Nikachanganya tone na wino mweusi, nikaenda kwenye darubini mwisho wa wodi. Viduara vyeupe vilijaa kwenye weusi. Fangasi.

"Siyo yenyewe," nilimwambia mke. "Ya hii hatuna dawa."

"Na madukani?"

Miaka ile maduka ya dawa ya watu binafsi yalikuwa yanafunguliwa kila mtaa. "Nimeshawaulizia wagonjwa wengine dawa hiyo huko. Hakuna."

Alikunja khanga yake mapajani.

Mchana fundi alifumbua macho, akaomba uji. Niliwaeleza kwamba maji yaliyotoka yamepunguza mgandamizo kichwani, na kwamba nafuu hiyo ni ya siku moja, labda mbili.

Kesho yake kaka alinisubiri mlangoni. "Kichwa kimerudi," alisema. "Tunaomba mmtoboe tena."

Nikamwambia amlaze nduguye kwa ubavu, nikaenda kunawa mikono.