Siku Tisa za Kulala Chali

Macho ya Zamda yaliingia ukungu kidogo kidogo, kama nyumba inayojaa moshi. Alikuwa mfinyanzi wa vyungu huko Chanika, Handeni, na kwa miaka mitatu vidole vyake viliendelea kuumba kile ambacho macho yalikwisha kukisahau. Alitiwa maji ya majani, akafukizwa, akasomewa, wapi! Mwisho akawa mtu wa kukaa kizingitini, akisikiliza wenzake wakitwanga.

Habari ya daktari wa Kijerumani aliyeshuka Korogwe kwa gari moshi, anayetoa mtoto wa jicho, ililetwa na Hamisa, mke mwenzake. Wote wawili walikuwa wajane wa Isihaka. Tangu mume huyo afie kwenye shamba la mkonge, walikuwa hawasemezani ila kwa salamu. Kila mmoja alimtupia mwenzake lawama ya kumtuma huko.

"Nitakupeleka," Hamisa alisema.

"Una nini na mimi?"

"Sina kitu, dada. Nimechoka kukuona ukipapasa kuta."

Walitembea siku tatu, Hamisa mbele, Zamda nyuma ameshika ncha ya fimbo. "Jiwe," Hamisa aliita. "Shimo." Maneno ya njiani yalikuwa hayo tu. Walipofika Korogwe, miguu ya Zamda ilikuwa imevimba, na alitamani kulala kuliko kuona.

Aliyewapokea alikuwa Kaleb, msaidizi wa daktari, kijana wa Kishambaa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Kesho tutaanza na jicho moja; nitakutia matone, life ganzi. Kisu utakiona kikija, ila hutasikia maumivu. Usikohoe, usitikisike, hata Bwana Daktari akikukanyaga mguu."

Kisu alikiona kweli: kivuli chembamba ndani ya mwanga. Akauma meno. Kabla hajamaliza dua aliyoianza moyoni, macho yote mawili yalikwisha kufungwa kitambaa.

Taabu ilikuja baadaye. Siku tisa alilala chali, vifuko vya mchanga pande zote mbili za kichwa, asigeuke, asitafune. Hamisa alimnywesha uji kwa kijiko na kumpangusa jasho. Mgongo uliwaka moto. Mchana na usiku vikawa kitu kimoja.

Siku ya tano, Hamisa aliweka bakuli chini.

"Dada, ni mimi niliyemwambia Isihaka aende mkongeni. Nilimsumbua mpaka akaenda."

Zamda akaanza kuvuta kamasi.

"Usilie!" Hamisa alimshika mkono. "Daktari amekataza. Jicho litaharibika."

Zamda akavuta pumzi polepole, mara nyingi, mpaka machozi yakarudi yalikotoka.

"Na mimi nilimwambia," alisema. "Asubuhi ileile aliyoondoka, nikimfungia chakula. Nikamwambia asirudi mikono mitupu."

Hamisa akachukua tena kijiko.

Siku ya tisa Kaleb alifungua kitambaa. Mwanga ulimpiga Zamda kama kofi. Vitu vyote vilikuwa vimevimba, havina kingo, mpaka alipovishwa miwani mizito. Ndipo akauona uso wa mke mwenzake, mifupa ya mashavu imejitokeza, nywele za mbele nyeupe.

"Umezeeka, Hamisa."

"Nawe hujajiona."

Daktari alitaka wakae, atibu na jicho la pili. Zamda akamuuliza Kaleb kama angelazwa chali tena. Akajibiwa ndiyo, siku zilezile tisa.

"Mwambie ahsante. Hili moja litanitosha."

Walirudi Handeni kwa siku tano, wakipumzika kila penye kivuli. Zamda alikuwa amekatazwa kuinama na kubeba mzigo kichwani, kwa hiyo mvua zilipokwisha Hamisa ndiye aliyechimba udongo na kuukanda. Zamda alifinyanga vyungu viwili kwa siku, wakati zamani alitoa sita. Jicho likianza kuwasha, aliivua miwani, akalala kidogo mkekani, na Hamisa akamwondolea udongo miguuni bila kumwamsha.