Hapa Hakuna Salamu

Ninaishi Kariakoo, ghorofa ya nne, na sokoni naenda mara chache kuliko watu wa Kigamboni wanaovuka kwa kivuko cha Magogoni kuja kununua vitenge. Nina ndoo yenye kamba. Naishusha dirishani, muuza nyanya anatia, navuta. Bwana mwenye duka la vitambaa pale chini aliwahi kumuuliza mama yangu kwa upole kama mimi naumwa.

"Mzima kabisa," mama akamjibu. "Ngazi tu ndiyo zinamshinda."

Mama alikuwa amekuja kutoka Lindi kwa ajili ya kliniki ya moyo kule Upanga. Daktari akasema asiende mbali, anamhitaji karibu kwa miezi. Kuku wake aliwaacha kwa jirani, ila mayai machache alikuja nayo kwenye ndoo ya pumba, ameyapakata njia nzima, eti ya kunikaangia mimi. Hatujayala, simu ikapigwa: ugonjwa wa kuku, mdondo, umepita kijijini, banda zima limekwisha.

Tangu siku ile mama alitaka kurudi akaanze banda upya, akawa na swali moja. Basi la Lindi linaondoka saa ngapi?

"Na kliniki je?"

"Nikae hapa nafanya nini? Nikusaidie kuvuta ndoo?"

Ndipo nikazishuka zile ngazi. Nikarudi na mashine ya kutotolea vifaranga, ile ndogo ya plastiki yenye kifuniko cha kioo, na mayai yote ya mama nikayatenga kando yake. Kama yangetotoa, nilijua hatoki. Yasipototoa, basi lipo kila asubuhi.

Mashine sikuijua. Nikamuuliza mama. "Mimi sijawahi kuatamia," akasema.

Nikaingia kwenye grupu la wafugaji mtandaoni, nikaandika kama mtu aliyelelewa: "Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, habari za asubuhi wapendwa, poleni na majukumu. Mimi mgeni wenu. Naomba kuuliza, mayai yanawekwa ncha ipi juu?" Kabla sijaiweka simu chini, ujumbe ukafutwa. Admini akaandika: "Hapa hakuna salamu. Maswali ya wanaoanza yapo juu, soma. Porojo peleka Kijiweni."

Kijiweni lilikuwa grupu la pili la watu walewale, la kupigia soga. Sikwenda. Nilikuwa mtu wa maana, nina mashine. Nikasoma juu, na kusema kweli jibu lilikuwepo: ncha nene juu. Nikayapanga mayai, nikawasha, nikawa nayageuza kama chapati.

Wiki ya pili, mchana kweupe, umeme ukakatika.

Nikasubiri. Feni ya mashine kimya, namba za joto zimezimika. Nikaandika kwenye grupu bila salamu, nikajiona kama nimeingia nyumba ya mtu kupitia dirishani: "Umeme umekatika. Mayai yatakufa?"

"Soma juu."

Nikasoma. Juu kulikuwa na watu wanabishana kuhusu jenereta. Juu ya hao, wengine wanabishana kuhusu betri. Vidole vinateleza kwa jasho. Mama amesimama mlangoni.

"Hao wenzako wanasemaje?"

"Wanasema nisome."

"Si ulishamaliza fomu foo?"

Nikakosa pa kukimbilia, nikaingia Kijiweni. Mle ndani vita ilikuwa imepamba moto kuhusu samaki wa nazi, kama anatakiwa kukaangwa kwanza au la. Nikasalimia zile salamu zangu zote, ndefu. Majibu yakamwagika. Waaleikum salaam. Poa kaka. Wa wapi wewe? Kariakoo? Kariakoo kuna kuku au kuna spika tu?

Nikasema kuna mama na mayai yake, na umeme hakuna.

Aliyejibu wa kwanza ndiye aliyekuwa anatetea samaki akaangwe. "USIFUNGUE KIFUNIKO. Funika mashine yote na blanketi. Chemsha maji, tia kwenye chupa, zipange pembeni chini ya blanketi. Yanavumilia masaa kadhaa. Ukianza kuchunguliachungulia ndiyo utayaua."

Nikatazama jina. Admini.

Mama alikuwa keshabandika maji kwenye gesi. Blanketi langu la baridi, ambalo Dar es Salaam hii sijui nililinunulia nini, likapata kazi. Akaongeza na khanga yake ya mabegani. Tukakaa sakafuni, tunabadilisha chupa zikipoa, nami nikaandika: "Kaka, mbona kule ulinifukuza?"

"Kule nalinda geti. Habari za asubuhi zikijaa, mtu ambaye kuku wanamfia swali lake linazama. Huku nimekaa na chai yangu. Mama hajambo na joto hili?"

Umeme ulirudi na adhana ya magharibi.

Siku ya kutotoa ilipofika, vifaranga hawakutoka wote. Waliotoka walitosha kunifanya nisisikie redio. Mama akamnyanyua mmoja, akamgeuzageuza. "Huyu wa yule mweusi aliyekuwa anapanda kitandani kwangu." Bwana wa duka la vitambaa akanikuta ngazini, nimebeba pumba, akanipa mkono. "Hongera, nasikia umepata watoto."

Jioni mama akataka kuwasalimu "wale wa chupa za maji". Nikamwekea simu mdomoni, nikabonyeza kinasa sauti cha Kijiweni.

"Hamjambo wanangu? Ndiye mimi mama wa mayai. Habari za huko majumbani, watoto, wagonjwa?"

Shikamoo zikaanza kuingia, ya admini mbele, nami namsomea. Mama akawa anaitikia marahaba kwa kila moja, kwa sauti, na kidole changu hakijabonyeza chochote.

"Hawakusikii, mama. Subiri nibonyeze."

"Basi bonyeza, nina swali." Akajiweka sawa khanga. "Samahanini, mimi mgeni wa maghorofa. Hawa wakishakuwa mitetea, huku juu watatagia wapi?"

Mtetea hatagi kabla ya miezi mitano, sita hivi. Hilo hata mimi nilikuwa nimeshalisoma, na la basi mama hakuliuliza tena. Nikaachia kidole taratibu, sauti ya mama ikaenda, na pale juu ya kioo cha simu ikaonekana kwamba admini anaandika.