Meno ya Baba

Harufu ya karafuu ilinipokea kwa daktari wa meno. Alipitisha pamba ndani ya shavu la binti yangu ili ikapimwe maabara, maana meno laini ya kahawia kama yake hurithiwa. Akaniuliza yametoka upande upi wa ukoo.

Nikakumbuka asubuhi moja ya utotoni: mama aliniwekea karafuu kwenye jino lililoniuma, tukapanda hadi mtaa wa Gihosha, juu kilimani, kwa mama mzazi wa baba. Baba alikuwa ameuawa vitani, barabarani. Ndugu zake hawakumkubali mama kamwe kwa kuwa alikuwa wa kabila lingine, na bibi hakuwahi kuniona.

Alitusikiliza mlangoni, kitenge kimemziba mdomo.

“Mi sijui huyu mutoto,” alisema.

“Mama, umuangalie kwanza,” mama alimjibu. “Ni wa mwana wako.”

Bibi akanishika kidevu, akanifungua mdomo. Vidole vyake vilinuka moshi wa kuni. Alitazama muda mrefu, kisha kitenge kikamponyoka. Nikaona meno yake: mafupi, ya kahawia, yaliyolika kama yangu na ya baba.

“Ni wa mwana wangu,” alisema, akalia.

Akanivuta ndani. Mama alipotaka kutufuata, bibi alisimama katikati ya mlango.

“Mutoto anabaki. We urudi.”

Kwetu bondeni risasi zilikuwa zinalia kila siku; huku juu kulikuwa shwari. Mama alinifuta mate kidevuni, akaniambia nisitafune vitu vigumu, akaanza kushuka kilima peke yake.