Betri Mbili za Kipaza Sauti

Nasimulia haya nikiwa nimeinamisha uso, maana mzee wa kanisa kukutwa na alichokificha mbele ya waumini wenzake, tena amelala chali kwenye machela, si jambo la kujisifia.

Mnajua zamani nilikuwa tabibu jeshini, na tulipopelekwa jangwani kulinda amani nilisimamia hema la majeruhi wanaosubiri ndege ya kuwapeleka hospitali kubwa. Kisa cha hema lile nimekisimulia kila sherehe ya ushirika wetu wa Kiswahili hapa Tumba, Uswidi (mke wangu anasema hata viti vimeshakikariri), na watu huniita Daktari wa Jangwani, jina ambalo, Mungu anisamehe, nililipenda kupita kiasi.

Basi akarudi Neema, binti wa mtaa wa Bredäng ninayemjua tangu anabebwa mgongoni, sasa muuguzi katika jeshi la huku, naye ametoka jangwani kusimamia kituo kama changu, ila chake kina kiyoyozi. Siku ya sherehe Mchungaji akanijia ukumbini kwa upole, "Mzee, leo tumpe Neema nafasi yako." Nikajibu, "Bwana asifiwe," huku moyo unaniwaka.

Kipaza sauti kilikuwa mezani karibu yangu. Nikawaza, asiposikika atamaliza mapema, na watu watanikumbuka. Nikachomoa betri, nikazitia mfukoni mwa koti, nikahamia viti vya nyuma kabisa kama mtu asiyehusika.

Neema akasimama, kipaza sauti kimya. Mchungaji akafungua makabati yote, akanifuata, "Mzee, hujaona betri?" nami (bado naona haya) nikamwambia tumwachie Mungu.

Neema akazungumza hivyo hivyo kwa sauti yake ndogo. Huku nyuma sikupata neno, niliona tu mkono wake ukinielekea na watu wa mbele wakinigeukia wakitabasamu. Nikajua nachekwa. Kisha akakunjua machela aliyokuja nayo, akapaza sauti, "Babu, njoo uwe mgonjwa wangu. Kazi hii unaijua."

Nikaenda mbio, maana macho yote yalikuwa yamerudi kwangu. Akanilaza, akanifunga mikanda mpaka mikono. "Babu, kabla ya kupandishwa ndegeni, mgonjwa anafanywa nini?"

"Anapekuliwa mifuko," nikajibu kwa sauti ya kamanda, kwa kuwa ndiyo sheria, asipande mtu na kisu wala risasi. Neno lilikwisha kutoka ndipo nikakumbuka.

Akatoa miwani. Akatoa leso. Akatoa betri.

Mtoto mmoja akasema kwa Kiswidi, "Batterier," na mke wangu akauliza toka kitini, "Baba Eliya, hizo ndizo zinazoendesha moyo wako?" Ukumbi ukaangua kicheko nami sina hata mkono wa kujifunika uso. Neema akanipigapiga begani. "Hata kwetu, Babu, betri hatupandishi ndegeni," akasema, akazirudisha kwenye kipaza sauti, akaendelea.

Wakati wa chai nikamuuliza mke wangu Neema alisema nini aliponinyooshea mkono.

"Alisema kazi hii aliipenda tangu utotoni, kwa kusikiliza kisa cha hema lako. Sisi wa mbele tulimsikia. Wote wangemsikia, kama..." Akanywa chai yake.

Namshukuru Mungu kwa aibu ile. Siku hizi nikifika ukumbini namkabidhi Mchungaji betri mpya mlangoni, kisha nageuza mifuko yangu nje, aone mwenyewe.