Sanduku la Bati katika Mzigo Wangu wa Kwanza

Nilianza biashara ya kusafirisha mizigo nikiwa mtu mzima wa miaka arobaini na miwili, baada ya shirika nililoliendeshea gari kwa muda mrefu kufunga ofisi yake ya Arua. Nilinunua lori dogo la tani nne, kuukuu, lakini injini ilikuwa bado ina nguvu. Wanaume wa steji ya malori waliponiona nikishuka kwenye usukani, mwanamke wa Kinubi na mtandio wangu kichwani, walicheka waziwazi. Nikawaacha wacheke. Nikakaa kungoja mteja.

Alikuja siku ya nne: mama mmoja wa Sudan Kusini, mrefu, mwembamba, ametoka kambi ya wakimbizi na anarudi kwao. Alitaka nimfikishe Oraba, mpakani. Ndugu zake wangempokea ng'ambo, katika mji wa Kaya. Tulipakia vitanda viwili, magodoro, magunia ya mahindi, mlango wa mbao alioung'oa kwenye nyumba yake, na sanduku la bati lililofungwa kwa kamba. Lile sanduku hakukubali mpakiaji yeyote aliguse. Alilipandisha mwenyewe.

"Iko nini ndani?" nilimuuliza.

"Vitu ya mtoto wangu."

Sikuuliza zaidi. Tulipita Ombaci asubuhi, barabara nyeupe, nami nikiimba kwa furaha kama mtoto aliyevalishwa nguo mpya. Koboko tulisimama kununua chai na chapati. Nilipanda nyuma kukaza turubai, na nilipomaliza nikaketi juu ya sanduku ili nile. Yule mama akaweka kikombe chake chini upesi, akapanda na kunishika mkono.

"Mama, hapana kaa hapo. Tafadhali."

Nilidhani anaogopa bati litabonyea. Nikahamia kwenye gunia, nikamaliza chapati yangu.

Oraba, afisa wa forodha alikuwa mtu mpole mwenye miwani. Alikagua magunia, akagonga vitanda, akafika kwenye sanduku. Akasema lifunguliwe. Mama hakusogea. Akaambiwa mara ya pili, bado akasimama vilevile, mikono imemlegea. Afisa akakata kamba na kuinua kifuniko. Ndani mlikuwa na shuka la maua ya samawati, limekunjwa vizuri. Alifunua pembe moja, halafu akarudi nyuma ghafla hadi akajigonga kwenye ule mlango wa mbao.

Nilichungulia. Nikaona fuvu dogo, na meno mawili ya mbele yaliyokuwa hayajamaliza kuota.

Nikashuka, nikashika tairi, nikatapika chai yote. Nilikuwa nimekula chapati nikiwa nimemkalia mtoto wa watu! Na badala ya kusema pole, kilichonitoka kinywani kilikuwa kelele.

"Umeniharibia gari! Mzigo wangu wa kwanza, unaniletea maiti! Kwa nini hukuniambia?"

Hakuinua sauti. "Nilisema na dereva tatu. Wote walikataa. Ningekuambia, ungebeba?"

Jibu nililijua. Nisingebeba.

Hapo ndipo aliponieleza. Mtoto alikuwa mwanawe wa pekee, alikufa kwa malaria kambini miaka kadhaa nyuma, akiwa na miaka saba. Yule mama na kaka yake walikuwa wamemfukua wenyewe wiki hiyo. "Mimi narudi nyumbani," alisema. "Yeye atabaki na nani?"

Afisa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mama dereva, hii ni mwili ya mtu. Bila barua ya ofisi ya afya, hapana vuka." Akachukua ufunguo wa lori. Mawakala wa forodha na wabadilisha fedha, waliokuwa wamejaa karibu yetu, walikuwa wamekwisha kutawanyika. Hakuna aliyetaka hata kuegemea gari langu.

Mama hakukubali kumwacha mtoto. Kwa hiyo nilipanda pikipiki peke yangu kurudi Koboko, nikipita mashamba ya Kuluba, na jina la yule mtoto nimeliandika kwa kalamu kwenye kiganja nisije nikalikosea. Njia nzima nilikuwa nikisikia sauti yangu mwenyewe ikipiga kelele, nikajishangaa. Mama yangu mzazi alikuwa mwosha maiti wa mtaa wetu. Mimi nilikuwa nimelia kwa ajili ya gari.

Ofisi ya afya walinisikiliza vinywa wazi. Wakapiga simu kambini, wakaambiwa ningoje. Siku ya pili, saa nne asubuhi, muuguzi aliyemtibu mtoto alipatikana akathibitisha, na barua ikapigwa mhuri.

Nilipofika Oraba nilimkuta mama ameketi kando ya sanduku, palepale nilipomwacha. Afisa akasoma barua, akanirudishia ufunguo. Ndugu zake walikuja na mkokoteni wakavusha vitanda na magunia. Sanduku alitaka kulibeba mwenyewe. Nikashika upande mmoja. Nilikaza misuli kama mtu anayeinua gunia, na nusura nilirushe juu, jinsi lilivyokuwa jepesi. Hilo lilinishtua kuliko fuvu. Tulivuka daraja la mpakani kwa miguu, hatua zetu pamoja. Ng'ambo alinikumbatia.

Habari zilitangulia Arua kabla yangu. Kwenye steji walikuwa wameshanipa jina: dereva wa maiti. Wiki tatu nzima sikupata hata gunia moja, nikaanza kutafuta mtu wa kuliuza lori. Kisha asubuhi moja akaja mzee na binti yake, Wasudani Kusini, wakapita malori yote yaliyopangwa wakaja moja kwa moja kwangu. Walikuwa na masanduku mawili na karatasi zao zote mkononi.

"Tuliambiwa wewe unabeba," alisema mzee.

Sikujua nifurahi au nilie. Niliuliza majina ya waliomo, wakaniambia. Kisha nikatandika godoro langu la safari mbele kabisa, karibu na kichwa cha gari ambako hakutikisiki sana, tukapakia masanduku kwanza.