Kilo Moja na Nusu

Niseme mapema ili tusigombane baadaye: mimi magari siyapendi. Yanapiga kelele, yananuka, na mwanaume mzima akishajibana ndani ya lile dude la chuma, magoti yakagusa kidevu, heshima yake yote inabaki nje. Ninachokipenda mimi ni kitu kinachoendeshwa vizuri. Na hapa Kisangani, katika miaka yangu yote ya kuuza mchele, nimeona vitu viwili tu vya namna hiyo: meza yangu sokoni, na mbio za magari za akina bwana yangu.

Wenyewe wanaziita fomula. Gari lina kiti kimoja, halina paa, magurudumu yako nje, na mwili wake ni mabomba yaliyochomelewa. Nyuma kuna injini ya pikipiki, zilezile zinazobeba watu mjini kutwa nzima. Wanaoendesha si matajiri. Kuna fundi redio, kuna muuza dawa, kuna mmoja wa familia za wavuvi kule kwenye maporomoko ambaye kaske yake, ile kofia ngumu ya dereva, inanuka samaki wa moshi. Bwana yangu ni mwalimu wa fizikia. Jumapili moja kila mwezi, baada ya misa, wanakutana upande wa Simi-Simi, wanapanga matairi ya zamani yaliyopakwa chokaa, na watu wazima wenye wajukuu wanaanza kufukuzana.

Mkubwa wao ni mzee mmoja aliyestaafu kazi ya uwanja wa ndege wa Bangboka. Alikuwa anasimama kwenye lami na vibao viwili mikononi, ndege inakuja, yeye anaiambia simama, nayo inasimama. Sasa mtu wa hivyo utamwambia nini? Mbio zake zinaanza saa tano. Si saa tano ya harusi, ile ambayo bibi harusi anafika saa tisa na bado anatafutiwa kiatu. Saa tano kasoro dakika tano mzee anafunga kamba mlangoni, na aliye nje yuko nje. Mwezi mmoja bwana yangu alichelewa kwa sababu alikuwa bado anapiga pasi kola ya shati, shati ambalo lingevaliwa ndani ya ovaroli. Aliangalia mbio zote akiwa nyuma ya kamba, kaske kichwani, pamoja na wauza karanga. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Injini si za mtu. Zote zinalala ndani ya sanduku la bati lenye kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu ambao hawapendani sana. Asubuhi ya mbio kila dereva anatia mkono ndani ya sufuria na kutoa kifuniko cha chupa chenye namba, na hiyo ndiyo injini yake siku hiyo. Ukipata ile inayokohoa, kohoa nayo, mwezi ujao itamkohoza mwingine. Tena ukimaliza zamu yako ya kukimbia, unashika bendera kwenye kona zamu inayofuata. Hapo ndipo wanapopata adabu, maana hakuna anayedharau bendera tena akishasimama juani nusu saa akidharauliwa yeye.

Halafu kuna uzito. Gari na dereva wake wakiwekwa pamoja lazima wafike kilo mia mbili hamsini, la sivyo wembamba wangeruka na wanene wangebaki wakila vumbi. Mwanzoni walikuwa na mizani ya nyumbani ambayo ilisema hivi asubuhi na vile mchana, na siku moja watu walishikana mashati. Kesho yake mzee alikuja sokoni, akasimama mbele ya meza yangu.

"Mama, mizani yako iko inadanganya?"

"Inadanganya wateja wabaya tu," nikamwambia.

Hakucheka. Alitoa mfukoni jiwe la chuma lenye muhuri, akaliweka juu ya mizani yangu, akaangalia, akaligeuza, akaangalia tena. Kisha akaniomba nije Jumapili. Tangu siku ile mizani inayopima magunia ya mchele wa Bengamisa ndiyo hakimu wa fomula, na mimi nina kiti changu na mwavuli wangu. Sheria yangu ni fupi. Wa kwanza, wa pili na wa tatu wanakuja kwangu kabla hawajanywa hata maji. Gari linapanda, ninasoma kwa sauti. Dereva anapanda, ninasoma kwa sauti. Kilichosomwa kimesomwa.

Kwa miaka sita bwana yangu hakunisumbua, kwa kuwa hakuwahi kuwa wa tatu, sembuse wa kwanza. Alikuwa na kilo tisini na saba na tumbo la mtu mwenye cheo. Darasani anaweza kukuchorea ubaoni kwa nini injini ndogo inachoka na mzigo mkubwa, atakuwekea mishale na herufi, halafu anarudi nyumbani na kuomba lituma, zile ndizi za kuponda, sahani ya pili. Lakini alitaka kushinda, mara moja tu, na hilo nalijua kuliko mtu mwingine. Anayeshinda anapewa pistoni ya zamani iliyosuguliwa ikang'aa na kupigiliwa kwenye kibao. Kitu cha takataka kabisa. Yeye alikuwa ameitengea nafasi juu ya kabati sebuleni miaka sita, na hata redio hakutaka iwekwe pale. Nilimtania kuhusu nafasi ile kila nilipofuta vumbi, lakini redio sikuiweka.

Ndipo ikaja sukari. Muuguzi alimpima damu, akaniangalia mimi badala yake, akaniambia huyu papa tukimwacha hivi tutamzika. Bon. Nikashika jikoni kwa mikono miwili. Mafuta ya ngazi, yaani mawese, nikayapunguza kwenye pondu, kisamvu chetu, mpaka ikawa na huzuni. Lituma ikawa saizi ya ngumi, na ngumi yangu, si yake. Bia ikahama nyumba. Alinung'unika wiki mbili, ya tatu akanyamaza, na suruali zikaanza kumshuka mbele ya wanafunzi.

Kisha gari likaanza kukimbia. Akawa wa tisa, akawa wa saba, mwezi mmoja akawa wa nne. Wakati ule aliyekuwa anashinda sana ni fundi mmoja wa kuchomelea, Mwislamu wa zile koo za wafanyabiashara wa zamani, mtu mpole mwenye ulimi mkali, ambaye nusu ya magari yale ameyachomelea mwenyewe. Ni mwembamba hasa, na siku zote alibeba kipande cha chuma chini ya kiti ili atimize kilo zake. Bwana yangu alikuwa akimcheka: mwenzetu huyu, ati anatembea na chuma ili aonekane mtu. Sasa fundi akapata zamu yake.

"Mama, mwalimu unamupikia nini siku hizi? Zamani nilikuwa namusikia nyuma kabisa. Sasa ananipumulia kwa shingo."

"Simupikii kitu," nikasema. "Ndiyo dawa yenyewe."

Jumapili ninayoisema, nilifika mapema na kuisimamisha mizani kama kawaida. Asubuhi anayetaka kujipima anapima, bure, na madereva karibu wote wanapanga foleni. Fundi alipanda na chuma chake mkononi. Mvuvi alipanda na samaki wake. Bwana yangu alikuwa kando anafuta kioo cha kaske.

"Papa, kuja nikupime," nikamwambia.

"Muuguzi alishanipima. Themanini na sita. Nimepiga hesabu."

"Ile ilikuwa wiki tatu zimepita. Panda."

"Mama, mi siko mufuko ya muchele."

Watu walicheka, na mimi nikacheka nao. Nyumbani kwetu ni hivyo toka zamani: mizani yangu hajawahi kuipanda. Anasema mwanaume hapimwi na mke wake mbele ya watu. Nikamwacha. Hasira yangu inapanda upesi na inashuka upesi, na asubuhi ile ilikuwa bado haijapanda.

Kwenye sufuria alitoa injini namba nne, injini nzuri. Nilimwona akikibusu kile kifuniko cha chupa chenye namba, mwalimu mzima.

Sitajifanya ninajua kueleza mbio. Ninajua kwamba zilipobaki raundi mbili fundi alikuwa mbele na bwana yangu nyuma yake, karibu sana, na kwamba kwenye kona ya matairi meupe fundi alipita mbali kidogo, na lile dude la bwana yangu likaingia ndani, likatoka mbele. Nilikuwa nimesimama juu ya kiti. Raundi ya mwisho sikuona vizuri kwa sababu nilikuwa ninalia, na sioni aibu. Alipopita kwenye bendera alitoa mikono yote miwili nje, kitu ambacho mzee amekikataza, na mzee kwa mara ya kwanza alitazama pembeni.

Nikashuka kitini. Nikakumbuka mimi ni nani pale.

Walisukuma gari mpaka kwangu, watu wanne wakaliinua na kuliweka juu ya ubao. Nikasoma: mia moja sitini na tano. Uzito uleule wa siku zote. Wakalishusha. Bwana yangu akapanda, jasho linamtiririka, ovaroli limemlegea mabegani, anacheka na kila mtu. Niliusogeza uzito kwenye mkono wa mizani mpaka themanini na sita, na mkono ukaanguka chini. Nikaurudisha. Themanini na tano, ukaanguka. Ninafanya hesabu haraka kuliko mashine, ndiyo kazi yangu, na kabla ya mtu mwingine yeyote nilijua. Mkono ulitulia kwenye themanini na tatu na nusu.

Fizikia yote ile, na hakuhesabu wiki tatu za pondu yangu.

Sasa nitasema jambo ambalo wauza mchele hatulisemi. Mizani ya kusimama chini ina njia yake. Ukisimama karibu, kitenge kikafunika, kidole gumba cha mguu kinafika kwenye ubao wa chini, na kidole kile kina uzito wowote unaoutaka. Watu wanaangalia uso wa muuzaji, wanaangalia mikono yake. Mguu hakuna anayeuangalia. Mimi kazi hiyo ninaijua, na sijasema kama nimewahi kuifanya. Ninasema tu kwamba mguu wangu wa kuume ulisogea wenyewe, ukafika, na ubao nikausikia kwenye ukucha. Kilo moja na nusu si kitu. Ni pakiti ya chumvi na nusu yake.

Niliurudisha mguu nyuma.

"Themanini na tatu na nusu," nikasoma. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

Mzee aliandika, akajumlisha, akajumlisha tena. "Mia mbili arobaini na nane na nusu. Mama, umesoma?"

"Nimesoma."

"Mwalimu, uko na neno?"

Bwana yangu alikuwa bado juu ya mizani. Kicheko kilikuwa hakijamtoka usoni, kilibaki pale hakijui pa kwenda. Akasema hana neno. Akashuka, akatia saini kwenye karatasi ya mzee, na mimi nikatia yangu chini ya yake, maana mpimaji lazima asaini. Fundi alipanda baada yake na chuma chake na kilo zake zikatimia. Alipewa pistoni, akaipokea kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakutania. Nadhani hilo ndilo lililomuumiza bwana yangu zaidi.

Na mimi hasira ikapanda. Nilimkasirikia muuguzi, nilikasirikia ile pondu, nilimkasirikia mwanaume anayekataa kupanda mizani asubuhi na kuipanda mchana. Zaidi nilimkasirikia mzee. Mambo mangapi mjini humu yanamalizwa kwa kusema, bon, tuache, ni kidogo? Nilimngoja aseme. Alikuwa anakunja karatasi yake polepole, pembe kwa pembe, na hakusema. Na ninajua kwamba angesema, ningeibeba mizani yangu siku ileile na nisingerudi tena pale. Kwa hiyo nilikuwa nimemkasirikia mtu kwa kufanya kitu ninachompendea, na hasira ya namna hiyo haina pa kuiweka.

Jioni tuliweka mizani kwenye mkokoteni na kuanza kurudi, yeye anavuta mbele, mimi nasukuma nyuma. Nilikuwa nimeshapanga maneno mengi, ya kumtania na ya kumpoza, na nilikuwa ninachagua nianze na yapi, ndipo akasema bila kugeuka.

"Mama, nilikuwa naangalia muguu yako."

"Muguu gani?"

"Ya kuume. Miaka makumi mbili niko naona namna unauzisha muchele."

Nikaacha kusukuma. Mkokoteni ukasimama, naye akasimama nao, bado amenipa mgongo. Ovaroli lake lilikuwa limemkaa vibaya, mabega yamekuwa madogo. Nikamuuliza aliona nini.

"Niliona umeurudisha," akasema. "Kabla ya pale niliogopa. Niliogopa utakanyaga."

Nikamwambia kwamba na mimi niliogopa hivyohivyo. Akaitika kwa kichwa, akashika tena mkokoteni, tukaendelea.